AKUFUKUZAYE HAKWAMBII TOKA



Kila nesi anapoacha kazi, wakubwa wa hospitali wana jibu moja tu, na jibu hilo wamelikariri kama watoto wa darasa la kwanza: "Amefuata pesa." Akienda Uingereza, amefuata pesa. Akienda Saudi Arabia, amefuata pesa. Akiacha uuguzi kabisa akafungua duka la nguo, amefuata pesa. Lakini nesi akiomba ahamishwe kutoka wodi moja mpaka wodi nyingine iliyo ng'ambo ya ua, kwa mshahara ule ule, cheo kile kile, na wagonjwa walio wengi vile vile, hapo wakubwa wananyamaza. Jibu lao halifiki huko. Huyu amefuata pesa gani kwa kuvuka ua?

Sisi twalijua jibu, na kila mtu aliyewahi kufanya kazi ya zamu analijua. Nesi huyo amemkimbia mtu. Amekimbia namna anavyotawaliwa. Wazee wetu walisema, akufukuzaye hakwambii toka. Hakuna mkubwa wa hospitali aliyesimama mlangoni akawaambia manesi waende zao. Wanafukuzwa kwa orodha ya zamu, kwa matusi mbele ya wagonjwa, kwa livu iliyokataliwa, kwa barua ya kujieleza. Halafu wakishaondoka wanaitwa watu wenye tamaa.

Neno letu la leo ni hili: namna wodi inavyoongozwa ni jambo la chama, kama vile mshahara ulivyo jambo la chama, nasi hatuna budi kulipeleka mezani.

MSHAHARA KWANZA, TUSIELEWEKE VIBAYA

Mwajiri akisikia tunazungumza habari ya uongozi atafurahi upesi. Atasema, "Vizuri! Kumbe hamtaki nyongeza, mnataka kuchekewa tu." Basi na tumfunge mdomo mapema. Nesi hali tabasamu la metroni. Nauli hailipwi kwa asante. Manesi wa Kenya waligoma tangu tarehe 5 Juni 2017 mpaka mwanzo wa Novemba mwaka huo, karibu miezi mitano, wakidai mkataba wao wa pamoja, na mgomo ule ulikuwa wa haki. Wafanya kazi wa afya walioandikwa kwa kandarasi mwaka 2020, chini ya mpango wa afya kwa wote, walikaa miaka wakifanya kazi ile ile ya wenzao kwa malipo pungufu, na mwaka 2025 iliwabidi kupiga kambi nje ya Wizara ya Afya mjini Nairobi ndipo wasikilizwe. Mwajiri anayechelewesha mshahara, kisha akatuletea semina ya uongozi bora, anatufanyia mzaha.

Hayo tumeyasema na hatuyarudi. Lakini mgomo ni shoka la kuangushia mti mkubwa. Huwezi kuitisha mgomo wa nchi nzima kila mara nesi mmoja anaponyimwa siku yake ya kupumzika, au anapotukanwa mbele ya mama mzazi aliyemshika mkono. Jambo la kila siku lataka silaha ya kila siku. Silaha hiyo bado hatujaifua, na ndiyo maana tunapata nyongeza leo, na kesho tunaendelea kupoteza watu.

NYAPARA NI MTU GANI?

Wazee waliofanya kazi katika mashamba ya masetla, katika reli na bandarini Mombasa walimjua nyapara, nao wametusimulia. Nyapara alitolewa miongoni mwa wafanya kazi wenyewe. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha kwamba amri ya juu inafika chini. Kupeleka malalamiko ya chini kwenda juu hakukuwa kazi yake, na kama aliyapeleka alijiweka hatarini mwenyewe. Basi hakuyapeleka. Alijifunza kuwa mkali kwa wenzake na mpole kwa bwana.

Uhuru ulikuja mwaka 1963. Setla alikwenda, lakini desturi ya unyapara ilibaki, na siku hizi imevaa sare safi na kubeba faili. Tumwangalie kazini.

Nyapara wa wodi anaficha orodha ya zamu mpaka siku ya mwisho, ili kila mtu amwendee kuomba. Anayemsalimu vizuri anapata Jumapili. Aliyeuliza swali katika mkutano anapata usiku, usiku, usiku. Nafasi ya kwenda kusoma ikitokea, barua yake inakaa chini ya kitabu mpaka siku ya kujiandikisha ipite, kisha inabandikwa. Mtu akilalamika kwamba glavu zimekwisha, swali analoulizwa ni, "Wewe nani amekutuma?" Kosa likitokea, jambo la kwanza linalotafutwa ni jina la mtu wa kuandikiwa barua, wala si sababu ya kosa. Na yule mwenye ulimi mgumu, siku moja anaamka na barua ya uhamisho kwenda zahanati ya mbali, akiacha watoto na nyumba, bila sababu kuandikwa.

Hayo yote hayaongezi hata senti moja katika bajeti ya hospitali. Ni desturi tu. Na kwa kuwa ni desturi tu, mwajiri hana udhuru wa kusema hana fedha za kuiondoa.

MSIMAMIZI NAYE AMEFUNGWA MIKONO

Hata hivyo tusiwe watu wa kuona fimbo tusione mkono unaoishika. Msimamizi wa wodi naye ni mfanya kazi. Wengi wao ni wanachama wetu. Jana alikuwa nesi mzuri, leo ameambiwa, "Wodi hii ni yako." Hakufundishwa namna ya kuongoza watu. Amepewa jukumu lote na uwezo kidogo. Hawezi kuandika nesi mpya. Hawezi kununua dawa wala glavu. Anaambiwa ajaze zamu tatu kwa watu wa zamu mbili, na mgonjwa akifa yeye ndiye anayeitwa ofisini. Mara nyingi anabeba wagonjwa kama wenzake, halafu anakaa jioni kujaza makaratasi ambayo wenzake hawayaoni.

Tangu mwaka 2013, hospitali nyingi za umma ziko chini ya serikali za kaunti. Mwenye uwezo wa kuamua anakaa makao makuu ya kaunti, na wodi anaijua kwa ripoti. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Msimamizi aliyebanwa juu na chini namna hiyo ana njia mbili: kuwa nyapara, au kuondoka pamoja na manesi wake. Wema wanaondoka. Tusishangae basi ni watu gani wanaobaki na funguo.

Kwa hiyo vita vyetu si vya nesi mdogo dhidi ya sista wake. Twapigana na mpango unaomchukua mwenzetu na kumgeuza nyapara.

HAYA SI MANENO YA UCHUNGU TU

Watasema chama kimezoea kulalamika. Basi na wasikilize ushahidi wa watu wasio na kadi ya chama chetu.

Mwaka 1983, Akademia ya Uuguzi ya Marekani ilitoa matokeo ya uchunguzi wake. Wakati ule hospitali za Marekani zilikuwa na upungufu mkubwa wa manesi, lakini baadhi ya hospitali ziliweza kuwavuta manesi na kukaa nao, na nyingine katika miji ile ile zilishindwa. Wachunguzi waliangalia hospitali 163, wakachagua 41 zilizofaulu, wakawauliza manesi wenyewe na wakuu wao kwa nini watu wanakaa. Hawakuambiwa kwamba kuna dawa ya ajabu. Waliambiwa kwamba wakuu wa uuguzi wanaonekana wodini na wanasikiliza. Kwamba manesi wanashiriki katika kuamua mambo ya kazi yao. Kwamba mkuu wa uuguzi ana sauti katika baraza kuu la hospitali. Kwamba zamu zinapangwa kwa kumfikiria mtu. Kwamba watu wanatosha. Na kwamba mtu anaweza kusoma na kupanda. Hospitali hizo ziliitwa hospitali za sumaku, kwa sababu ziliwashika watu bila kamba.

Mwaka 2002, Linda Aiken na wenzake walichapisha uchunguzi wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, huko huko Marekani. Waliona kwamba kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa juu ya mzigo wa nesi, uwezekano wa wagonjwa wa upasuaji kufa ndani ya siku 30 uliongezeka kwa asilimia 7, na uwezekano wa nesi mwenyewe kuishiwa nguvu na moyo wa kazi uliongezeka kwa asilimia 23. Someni tena hesabu hiyo, ndugu. Nesi mmoja akiondoka, wagonjwa wake hawaondoki naye. Wanagawiwa waliobaki. Waliobaki wanachoka, na wa pili anaondoka. Wa pili akiondoka, mzigo unaongezeka tena. Mnyororo huo ukianza kukatika pete moja, hauishi kukatika, na pete ya mwisho ni mgonjwa kitandani.

Na kwa wale wanaosema kwamba wodi ni mahali pa amri, kwamba mkono ukilegea wagonjwa watakufa, tunawaelekeza Uingereza, katika hospitali ya Stafford. Kati ya mwaka 2005 na 2009 wagonjwa waliteseka vibaya mle ndani. Tume iliyoongozwa na Robert Francis ilitoa ripoti yake Februari 2013. Ilionyesha kwamba bodi ilikuwa imetazama hesabu za fedha na cheo cha hospitali kuliko wagonjwa. Kwamba watu walikuwa wamepunguzwa. Kwamba malalamiko ya wagonjwa na ya wafanya kazi hayakusikilizwa. Na kwamba kulikuwa na hofu. Nesi aliyethubutu kusema alitishwa. Amri zilikuwako kwa wingi. Kilichokosekana ni mtu wa kusikia.

Nidhamu twaitaka. Nesi anayelala zamuni na mgonjwa akaita bila kujibiwa hatutamtetea kwa jambo hilo. Lakini hofu si nidhamu. Palipo na hofu, nesi aliyetoa dozi isiyo sawa anaficha. Palipo na uongozi, anasema mara moja, na mgonjwa anaokolewa. Mwenye akili na achague.

KUUZA WATU, KISHA KULIA UPUNGUFU

Julai 2021, serikali ya Kenya na ya Uingereza zilitia sahihi mapatano ya kupeleka wafanya kazi wa afya wa Kenya kule. Kabla mwaka haujaisha, kwa ombi la Kenya yenyewe, Uingereza ilizuia hospitali zake kuchukua watu kutoka Kenya nje ya mapatano hayo. Yaani mlango ulifunguliwa kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili ukashikwa usifunguke sana. Wakubwa wetu walituambia kwamba Kenya ina manesi waliosoma lakini hawana kazi, basi si vibaya waende. Ni kweli wapo waliosoma na hawana kazi. Lakini wakati huo huo wodi zetu zina nesi mmoja usiku kwa wagonjwa asioweza hata kuwazungukia wote kupima presha. Kama watu wapo na kazi ipo, aliyeshindwa kuwakutanisha ni nani? Si nesi.

Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2025 kwamba dunia ina manesi wapata milioni 29.8 na pungufu ya milioni 5.8. Katika kila manesi 7 duniani, 1 anafanya kazi nje ya nchi alikozaliwa. Maana yake nchi tajiri zitaendelea kuja kugonga hodi. Hatutamlaumu nesi wetu akiitikia. Ni haki yake kwenda. Lakini twataka aende kwa kupenda, asiende kwa kufukuzwa. Na aliyebaki abaki kwa kupenda, asibaki kwa kukosa nauli.

SHERIA IKO UPANDE WETU

Wengine wanafikiri kwamba kuzungumza habari ya zamu na uongozi ni kuomba fadhili. Si fadhili. Mwaka 1977 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha mkataba namba 149 juu ya wauguzi, na Kenya ni mojawapo ya nchi zilizouthibitisha. Mkataba huo unazitaka serikali ziwape wauguzi masharti ya kazi, mshahara na matumaini ya kupanda yatakayowavuta watu katika kazi hii na kuwafanya wakae. Tena unataka wauguzi washirikishwe katika kupanga kazi ya uuguzi, na waulizwe katika mambo yanayowahusu. Waulizwe! Hilo ni neno la mkataba wa mataifa, si la mchochezi.

Hapa nyumbani, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 41, inampa kila mfanya kazi haki ya malipo ya haki, masharti ya kazi yanayofaa, kujiunga na chama na kugoma. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa siku 1 ya mapumziko katika kila siku 7, na livu ya siku zisizopungua 21 za kazi kwa mwaka kwa malipo kamili. Na sheria ya usalama na afya kazini, ya mwaka huo huo wa 2007, inataka mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama ambamo wafanya kazi wanakaa pamoja na wakubwa. Ndugu, kamati hiyo iko hospitalini kwenu? Ilikutana lini? Wajumbe wenu ni nani? Kama hamjui, basi mna silaha sandukuni na ufunguo mmeutupa.

TUNAYOYATAKA YAANDIKWE

Twaitaka halmashauri ya chama katika kila tawi ipeleke mambo haya katika mapatano yajayo, yaandikwe na kutiwa sahihi kama mshahara unavyoandikwa:

1. Orodha ya zamu ibandikwe ukutani si chini ya wiki 2 kabla ya kuanza. Ikibidi kubadilishwa, mwenye zamu aulizwe. Siku ya mapumziko iliyo katika sheria isiguswe.

2. Kila wodi iwe na idadi iliyoandikwa ya wagonjwa ambayo nesi mmoja hapaswi kuipita. Si ndoto: jimbo la California lilipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 1999, nayo inafanya kazi tangu 2004. Idadi ikipita, msimamizi awe na uwezo wa kudai msaada kwa maandishi, na mkubwa ajibu kwa maandishi.

3. Msimamizi wa wodi achaguliwe waziwazi, afundishwe kuongoza kabla ya kupewa funguo, alipwe kwa cheo hicho, na apewe saa za kufanya kazi hiyo bila kuhesabiwa kama nesi wa zamu.

4. Hakuna uhamisho bila sababu iliyoandikwa na muda wa kujitayarisha. Anayeona ameonewa akate rufani, na mjumbe wa chama akae naye.

5. Anayeripoti kosa kwa uaminifu, lake au la mpango wa wodi, asiadhibiwe kwa sababu ya kuripoti.

6. Kila anayeacha kazi aulizwe sababu mbele ya mjumbe wa chama, na kila miezi 3 majibu yasomwe, bila majina, mbele ya wakubwa na wafanya kazi. Hapo ndipo tutakapoona kama kweli wote "wamefuata pesa."

KAZI YENU, WANACHAMA

Mkubwa haogopi kelele, anaogopa daftari. Kila wodi iweke daftari moja la chama. Andikeni tarehe, zamu, idadi ya wagonjwa, idadi ya manesi, na kilichokosekana. Msiandike jina la mgonjwa hata mara moja, wala msitie chumvi. Miezi 3 ya daftari kama hilo ina nguvu kuliko hotuba 30, kwa sababu mwajiri anaweza kukanusha hasira lakini hawezi kukanusha hesabu aliyoitia sahihi yeye mwenyewe katika orodha ya zamu.

Nanyi wanachama mlio wasimamizi wa wodi, neno hili ni lenu. Chama hiki hakikuwatupa siku mlipopewa cheo. Mkiambiwa mjaze zamu kwa watu wasiokuwapo, msiufunike upungufu kwa migongo ya wenzenu. Uandikeni, uleteni. Mtu anayesimama na wenzake hawezi kufanywa nyapara, hata akivishwa nguo gani.

Na nyinyi wafanya kazi wengine mnaosoma karatasi hii, wa bandarini, wa viwandani, wa mashamba ya chai, msiseme habari hii ni ya manesi peke yao. Kitanda kile ni chenu. Mke wako atajifungua pale, na mzee wako atalazwa pale. Usiku huo hutauliza nesi ana kadi ya chama gani. Utauliza tu kama yupo. Basi simameni naye leo, ili siku hiyo awepo.

Wakubwa nao tunawaambia neno moja la mwisho. Mkisema tena kwamba manesi wanaondoka wenyewe, sisi tutawauliza mbele ya watu: ni lini mlipowaambia kaeni?

UMOJA NI NGUVU.